Ngata Iliyolowa

Jumanne, jioni. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika adhuhuri, na sasa kimetoka kijua cha kinafiki kinachomulika matope ya Kaisho kana kwamba hakuna kilichotokea leo. Duka nimelifunga. Zuhura, binti yangu, kalala kwenye mkeka, nami nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, simu mkononi. Naandika kwa sababu nikinyamaza nausikia moyo wangu unavyokwenda, na sitaki kuusikia.

Naogopa.

Nimeanza na hilo nisije nikalizungukazunguka. Mnaonisoma hapa mnanijua kwa kejeli za bei ya sukari na visa vya wateja wanaonusa sabuni zote halafu wananunua kiberiti. Leo kejeli zimenikimbia. Ikichomoza moja mnisamehe, mdomo wangu hata msibani haujui adabu.

Nieleze ilivyoanza, kwa ajili yenu mlio mbali.

Huku kwetu milimani kuna nyumba ambazo gari haliwezi kuzifikia. Mtu akizidiwa hubebwa kwa machela, wenyeji huiita engozi. Ni miti miwili mirefu, blanketi limefungwa katikati, wanaume wanne mabegani, na nyuma yao kundi linalosubiri zamu. Wanakwenda mbio. Anayechoka hasimamishi safari, anasema tu "Bega!" na mwenzake anaingia chini ya mti. Kila aliye chini ya mti anaweka begani ngata ya majani makavu ya mgomba, na anapotoka anamwachia anayeingia.

Ukikutana na machela njiani, unaweka chini ulichobeba na unaingia zamu. Huulizi mgonjwa ni nani. Nao hawakuulizi jina wala dini. Ukichoka unatoka, unarudi kwenye shughuli zako, na hakuna anayekushukuru, kwa sababu ipo siku utabebwa wewe.

Sasa mimi ni mjukuu wa mtu aliyetoka Pangani kufuata kahawa, na mume wangu Hashimu wazee wake ni wa huko huko pwani. Tumezaliwa hapa, tunagombana kwa Kinyambo, lakini bado tunaitwa "Waswahili wa dukani." Hatuna kibanja cha migomba cha kurithi, hatuna makaburi ya mababu migombani. Kilichomfanya Hashimu awe mtu wa hapa ni bega lake. Anazunguka milimani kununua kahawa ya maganda, na akiisikia machela hajifanyi kiziwi. Kuna wazee wasiotia mguu dukani kwetu ambao husimama kumsalimu kwa sababu ya bega hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa najivuna nalo, kimya kimya.

Wiki iliyopita alirudi nyumbani na tope la bondeni mpaka kiunoni, anacheka.

"Leo nimebeba, Mama Zuhura. Bonde zima mpaka barabarani."

Nikampashia maji. Nikamkanda bega kwa mafuta ya nazi. Zuhura, ana miaka minne tu, akampanda mgongoni, maana mtoto yule halali mpaka alalie mgongo wa baba yake, shavu limegandamizwa pale pale begani. Tukala ndizi na maharage. Shati lake nililifua kesho yake kwa mikono yangu, nikiimba.

Aliyebebwa alikuwa Deo, seremala wa juu mlimani, kijana mpole aliyetutengenezea rafu za dukani. Tukasikia amefia hospitali. Tukasema malaria imempanda kichwani. Wengine wakasema kalogwa na wenye wivu na kazi yake. Tukasema yote tunayoyasemaga mtu akifa bado kijana.

Kisha likapita gari la halmashauri na vipaza sauti vyake.

Ni homa ya kutokwa damu, likasema. Huambukiza kwa jasho la mgonjwa, matapishi yake, damu yake. Soko limefungwa, mnada wa ng'ombe umefungwa. Hakuna kupeana mikono, hakuna matanga, wafu watazikwa na timu ya afya. Na mwisho kabisa likatupigia methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Toka siku hiyo tumepigiwa methali ile asubuhi na jioni mpaka watoto wanairukia kamba.

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Serikali imehangaika. Ndoo za maji ya dawa zimewekwa kila kona, mahema yamesimamishwa kwenye uwanja wa shule, na barabara ya kwenda Karagwe ina kizuizi ambapo watu wanapimwa joto mmoja mmoja. Mama yangu anaishi Ndama, upande wa pili wa kizuizi hicho. Aliniambia hata kule Kanoni vilabu vya rubisi vimefungwa, na mwanamume asiye na pa kunywa rubisi amejua sasa kwamba nyumbani kwake kuna mke. Alinichekesha. Nilicheka mpaka nikaanza kulia, na sikumwambia kwa nini.

Kwa sababu sikuwa naiogopa serikali. Nilikuwa namwogopa mtu ninayelala naye.

Tangu lile gari lipite, Hashimu alikuwa amenyamaza. Mume wangu ni mtu wa kuimba akipima kahawa, wa kugombana na redio. Sasa alikuwa anapima bila sauti. Nami nilikuwa nazunguka zunguka naye nikijisemea kwamba machela zilikuwa nyingi wiki ile, labda yake ilikuwa nyingine. Lakini yeye mwenyewe alishaniambia ni Deo. Mtu akiogopa anaweza kujidanganya kwa jambo analolijua vizuri sana.

Jana kulikuwa na mkutano uwanja wa mpira. Tulisimama mbali mbali, kila mtu na kivuli chake. Daktari aliyekuja kutoka wilayani ni dada mdogo tu, amevaa buti za mpira zimemzidi, sauti imemkauka kwa kusema mchana kutwa. Akatuomba. Nasema akatuomba, hakutufokea. Waliobeba machela ya Deo wajitokeze, hakuna anayekamatwa, watapelekwa kwenye mahema waangaliwe kwa wiki tatu, anayeugua atibiwe mapema kabla hajawaambukiza wa kwake.

Mbuzi wa mtu akalia huko, tukamsikia wote.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Kamuhabwa, akasimama, akavua kofia. Ni mzee wa usharika, mtu wa maneno machache, tunamheshimu.

"Daktari, mwanangu, machela haina majina," akasema. "Waliobeba ni watu wa njiani. Hapa kwangu hakuna."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Hashimu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nami nikaangalia vyangu.

Mwenzangu, usinihukumu haraka. Mke wa Deo yuko kwenye mahema. Maharage yake yanaozea shambani, mbuzi wake wanazurura, na watu wanapita mbali na nyumba yake hata ukiwaambia imenyunyiziwa dawa. Ukijitaja ndivyo utakavyokuwa. Na si wewe peke yako. Ukijitaja utaulizwa: bega ulilipokea kwa nani, ukampa nani? Ukimtaja mmoja umewataja wote. Na aliyewataja akiwa "Mswahili wa dukani," basi mabega yote aliyowahi kutoa maishani mwake yamekwisha thamani.

Tulipotoka mkutanoni, nikamfuata stoo kwenye magunia. Nilikuwa nimeazimia kuongea kwa upole. Upole wenyewe uliishia mlangoni.

"Baba Zuhura, ulikuwa na ngata?"

Akaanza kufunga mdomo wa gunia.

"Nakuuliza. Ulitengeneza yako au ulipewa?"

"Nilipewa na aliyetoka. Kuna mtu anatengeneza ngata katikati ya mbio?"

"Ilikuwaje?"

Akakaa juu ya gunia. Akajishika bega, lile la kulia, akaliacha haraka.

"Ilikuwa imelowa," akasema.

"Mvua?"

"Siku ile haikunyesha."

Yaa Rabi. Nilisimama pale nikihesabu kichwani vitu vilivyoligusa bega lile. Mafuta ya nazi na viganja vyangu. Povu la shati. Shavu la Zuhura.

Akasema alidhani ni jasho, wabebaji hutoka jasho. Akasema Deo alikuwa anatapika pembeni ya blanketi lakini wao walikuwa wanakimbia, nani angetazama. Alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayejieleza kwa mkwewe, na mimi nilikuwa nataka kumpiga na kumkumbatia, na vyote viwili nikaona siwezi, kwa sababu vyote viwili vinahitaji kumgusa. Hilo ndilo lililoniumiza. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwogopa Hashimu hata akiwa na hasira.

Akaliona usoni mwangu.

"Unaniogopa?"

"Nakuogopa," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akajitandikia gunia, akasema atalala pale pale stoo. Zuhura alilia kumtaka baba yake mpaka akachoka.

Leo asubuhi nilipompelekea chai, niliiweka kizingitini nikarudi nyuma. Hakuja kuichukua. Nikaingia. Nikamgusa kipaji cha uso kwa mgongo wa mkono wangu, na naomba Mungu anisamehe, nilimgusa kwa kuufunika kwanza kwa mtandio. Hata kupitia mtandio alikuwa wa moto. Macho mekundu. Akasema ni malaria, malaria yake anaijua, ngoja kesho.

Nikatoka nje nikampigia mama yangu Ndama. Nilitaka kusikia sauti yake tu, lakini mama ni mama, akanisikia pumzi.

"Mlete mtoto," akasema. "Mlete leo hii."

"Kuna kizuizi, mama."

"Kizuizi kiko barabarani. Njia ya ng'ombe nayo wameiwekea kizuizi? Mpandishe bodaboda apite kule chini."

Na mimi, niliyesoma, ninayeandika hapa makala za kuwacheka wanaopitisha magendo, nikafungasha nguo za mtoto. Nikamwita dereva wa bodaboda, akaja, akasimama nje akinguruma. Nikamvalisha Zuhura sweta lake. Nilikuwa nafunga kifungo cha shingoni nikamwona bibi yake akilini, vile atakavyompokea: atamnyakua, atamfuta kamasi kwa kanga yake, atamtafunia nyama, atamweka kifuani mpaka alale. Mama yangu hajui kumpenda mtoto kwa mbali. Na majirani zake wote watakuja kumsalimia mjukuu.

Nikakiachia kifungo.

Nilikuwa nataka kuipeleka homa Ndama kwa mikono yangu, imevaa sweta.

Nikamrudisha dereva. Nikampigia mama nikamwambia hatuji, na kwa nini. Alilia. Sijawahi kumsikia mama akilia kwenye simu, hata alipofiwa na baba yangu hakulia kwenye simu. Nikakata, nikarudi stoo.

"Sikuambii utaje mtu," nikamwambia Hashimu nikiwa mlangoni. "Jitaje wewe."

"Wataniuliza."

"Useme hukumbuki."

"Halafu wao wafe kwa sababu sikumbuki?" Akanitazama na yale macho mekundu. "Na nikikumbuka, mimi ni nani hapa tena? Wale watu walinipa bega, Mama Zuhura."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lilinitia wazimu. Mtu akibishana na wewe kwa ujinga unamshinda, lakini Hashimu alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inatupeleka kaburini mmoja baada ya mwingine, na watu wa nyumba kumi nyingine nyuma yetu.

Sasa kuna kitu lazima nikieleze, vinginevyo hamtaelewa nilichofanya. Kabla machela haijatoka, nyumba ya mgonjwa hupiga yowe. Si yowe la mwizi wala la msiba, lina mvuto wake mrefu, linainuka mara mbili, na kila mtu wa huku analijua kabla hajajua kusoma. Akilisikia, mwanamume anaacha jembe lilipo. Anayelisikia akakaa kimya hutozwa mtungi wa rubisi, na siku yake ikifika hakuna bega. Sisi wa barabarani hatulipigi, gari liko mlangoni. Maishani mwangu sijawahi kulipiga. Nimelisikia tu.

Nilitoka nyuma ya nyumba, pale migomba inapoanza. Sikuwa na mpango, msinipe sifa ya akili. Nilikuwa mwanamke mwenye hofu mwenye mume ndani na mtoto mlangoni kavaa sweta. Nikafumbua mdomo nikalipiga.

Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya pili ikaenda.

Wakaja. Jamani, wakaja. Kumekatazwa mikusanyiko, kumekatazwa kila kitu, lakini migomba ilianza kutikisika huku na huku na wanaume wakatokea, na mapanga, na majembe, mmoja ameshika kikombe cha uji. Wakasimama nje ya mikeka ya kuanikia kahawa, kila mtu mbali na mwenzake. Mzee Kamuhabwa alikuja akihema.

"Mama Zuhura, nani anaumwa? Wewe uko barabarani, machela ya nini?"

Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, nikaishikilia fundo lake kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mzee. Anayeumwa ni Hashimu. Ana homa. Alimbeba Deo."

Wakarudi nyuma hatua. Nikaona nyuso zinavyofunga.

"Sitaji mtu," nikasema. "Simjui mtu, hajanitajia hata mmoja, kagoma. Nawaambia ninachokijua. Ngata aliyopewa ilikuwa imelowa na siku ile haikunyesha. Na mwanangu amelalia bega lile. Machela haina majina, sawa, nimesikia jana, nami nilinyamaza. Lakini yowe mmelisikia. Naita mabega, yale yale ya siku ile. Hashimu hawezi kwenda kwenye mahema peke yake akawa yeye ndiye aliyewauza."

Nilikuwa nalia wakati huo, makamasi na kila kitu, hakuna cha ushujaa.

Mwanamume mmoja akageuka. "Mswahili ni Mswahili tu," akasema, akatema mate, akaondoka migombani. Sitamtaja. Naye labda alibeba, labda hakubeba. Lile neno limeniingia, sidanganyi, nimelisikia maisha yangu yote lakini leo limeniingia.

Hashimu akatoka. Alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, na alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, hasira ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Akafumbua mdomo kuniambia jambo. Kabla hajalisema, mtu mwingine akasema kutoka nyuma.

"Ngata nilimpa mimi."

Alikuwa Kamugisha, ambaye kibanja chake kiko ng'ambo ya kijito. Nilikuwa sijamwona kwa sababu alikuwa ameegemea mgomba. Mchana ule, na joto lile lililofuata mvua, yeye alikuwa amejifunga blanketi na bado anatetemeka. Hata sijui alitembeaje mpaka kwetu. Yowe limemtoa kitandani.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Nilisema nikifa, nife kimya, wenzangu wasisumbuliwe." Akateleza akakaa chini.

Na hakuna aliyemkimbilia kumwinua. Wanaume wote wale, ambao kwa desturi wangekuwa wameshamnyanyua, wakasimama mikono ikining'inia. Mmoja alipiga hatua, akasita, akarudi. Nimeona mengi leo lakini hilo ndilo sitalisahau, wabebaji wanamtazama mbebaji mwenzao chini na hawawezi kumgusa.

Basi wakaanza. "Na mimi." "Mimi nilishika kuanzia kwenye jiwe." "Mimi na kaka yangu, yeye yuko nyumbani, nitamwita." Hawakuangaliana. Kila mmoja alisema akiangalia mikeka.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kamuhabwa. Alivua kofia kama alivyoivua jana.

"Nilishika mti kule kwenye maji," akasema. "Vijana walikuwa wanazama. Nikashika."

Mzee wa watu, jana amesimama mbele ya daktari na kusema kwake hakuna. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, alikuwa anaonekana mzee sana. Akatoa simu mfukoni, akampigia daktari yeye mwenyewe, akamwambia, "Njoo na gari kubwa, mwanangu. Tupo."

Walikuja wamevaa mavazi meupe yanayofunika mpaka macho. Zuhura alipowaona akapiga kelele akajificha nyuma yangu. Kamugisha walimbeba kwa machela yao ya chuma, watu wawili, polepole. Wengine walipanda gari lingine wakiwa wameachiana nafasi. Yule daktari mdogo nilimjua kwa buti zake.

Hashimu alipita karibu yangu, si karibu sana. Nilifikiri ataniambia lile neno la hasira. Akasema, "Godoro letu lichomwe. Mtoto asilale hapo." Kisha akamwambia Zuhura kwamba anakwenda kununua kahawa mbali kidogo. Zuhura akanyoosha mikono apandishwe mgongoni. Nikamshika kwa nguvu mpaka akalia, nikazidi kumshika, na Hashimu akapanda gari bila kugeuka. Sijui kama amenisamehe. Nampenda na sijui kama amenisamehe.

Daktari akabaki na mimi. Akaniuliza nani mwingine amemgusa. Nikasema mimi, na mtoto. Akauliza mtoto alikuwa analala wapi. Nikamwambia. Aliuliza ana umri gani, ingawa anamwona, kisha akatazama pembeni kidogo kabla ya kuendelea kuuliza. Ni kule kutazama pembeni kunakonitafuna tangu mchana.

Tubaki ndani, akasema, tusitoke, chakula tutaletewa mlangoni. Godoro wamelichoma. Nyumba wamenyunyizia dawa, macho bado yananiwasha. Ameniachia kipimajoto na namba ya simu: nipime wote wawili, asubuhi na jioni, nipige hata ikiwa sawa.

Simu zimelia mchana kutwa. Mmoja kanitumia ujumbe kwamba nimeokoa kitongoji. Mwingine kanitumia matusi ya mama yangu mzazi. Yote mawili nimeyasoma nikaona hayanihusu. Kutoka hospitali wamesema sampuli zimechukuliwa, Kamugisha ana hali mbaya, Hashimu amekunywa maji na amelala. Majibu bado.

Naona nimeandika mengi. Kawaida hata nusu ya haya sifiki, nimeshachoka. Najua kwa nini.

Zuhura alilala alasiri, na yeye halali alasiri. Amelala bila kuulizia mgongo wa mtu. Nilipomfunika, mkono wangu ulipita shingoni kwake, na nilihisi ujoto. Labda ni sweta, hakukubali kulivua. Labda ni kulia. Mtoto akilia sana huchemka, kila mama anajua. Nikauondoa mkono haraka, nikaja kukaa hapa mlangoni, nikaanza na habari za mvua.

Jioni imefika. Leo nimewatoa wanaume migombani waseme wanachokiogopa mbele ya watu, na mimi nina kipimajoto mapajani nimekikalia kimya kama walivyokaa kimya jana.

Naogopa. Namvua sweta, nampima, na namba yoyote itakayotoka, nampigia daktari.